Sindano moja kabla ya vita: je, nianze chanjo upya?

Swali: "Dokta, jambo sana. Mimi ni mama ninayeishi Bagira, nafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Bukavu, huu ni mwaka wa tatu. Tunawaogesha wazee, tunawanyoa, tunawakata kucha, tunawafunga vidonda, na wenye ugonjwa wa sukari tunawapima na kuwadunga insulini. Mwezi wa kwanza 2025 tulidungwa sindano ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini B. Ya pili ilipaswa kuwa mwezi uliofuata, ndipo vita vikafika mjini, nikakimbia na watoto, na tuliporudi hakuna aliyeikumbuka tena. Sasa msimamizi wetu anasema lazima tuanze upya, sindano zote tatu, na kila mtu ajilipie. Mwenzangu naye anasema ni kutupa pesa, kwamba sisi watu wa huku tumeuzoea ugonjwa huu tangu utotoni. Nina miaka 43 na ninanyonyesha mtoto wa miezi minane. Nianze upya kweli? Haitamdhuru mtoto? Na nikipimwa nikakutwa ninao, si nitafukuzwa? Usidhani hatujilindi: glavu tunavaa, na kwa sukari tuna kalamu moja ya kutobolea kidole, lakini kisindano tunabadilisha kwa kila mzee."

Jibu: Mama, jambo sana, na pole kwa kukimbia na watoto.

Usianze upya. Sindano uliyodungwa mwezi wa kwanza 2025 bado inahesabiwa. Askari wa mwili waliofundishwa siku ile kumtambua adui hawasahau kwa sababu mwalimu alichelewa kurudi. Sindano ya pili itawaamsha waendelee walipoishia. Ndivyo inavyoelekezwa kila mahali chanjo hii inapotolewa: mfululizo ukikatika, hata kwa mwaka mzima au zaidi, unaendelezwa pale pale ulipokatikia.

Hesabu yako ni hii. Kwa kawaida mtu mzima hudungwa siku ya kwanza, kisha baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi wa sita. Aliyechelewa tunamwangalizia muda wa chini kabisa unaotakiwa kupita: wiki 4 kati ya sindano ya kwanza na ya pili, wiki 8 kati ya pili na tatu, na wiki 16 kati ya kwanza na tatu. Kwako wewe ule muda wa wiki 4 na ule wa wiki 16 ulishapita zamani. Umebaki wa wiki 8 tu. Ukidungwa ya pili juma hili, miezi miwili ijayo unadungwa ya tatu na kazi imekwisha. Mwambie msimamizi wako kwamba kila mfanyakazi aliyedungwa mara moja anadai sindano mbili, si tatu. Mkiwa kumi, hizo ni dozi kumi ambazo hakuna haja ya kuzinunua, na pesa yake nitawaonyesha hapa chini pa kuipeleka.

Sharti ni moja: iwe imeandikwa mahali. Kama kadi yako ilipotea katika kukimbia, rudi kwenye kituo cha afya kilichowachanja ukaombe waangalie rejista ya mwezi ule. Jina lako likikutwa, waandike kadi mpya. Lisipokutwa popote, hapo ndipo utakubali kuanza na sindano ya kwanza, kwa kuwa dozi isiyo na maandishi haihesabiwi. Haitakudhuru hata ikiwa ni ya ziada.

Sasa, mama, barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kunituliza. Kalamu moja kwa wazee wote. Kabla sijajibu mengine naomba kalamu hiyo iwekwe kando leo, kabla ya vipimo vya jioni.

Nitakueleza kwa nini kubadilisha kisindano hakutoshi. Ichukue mkononi uiangalie vizuri. Kule mbele kuna kifuniko chenye tundu dogo ambamo kisindano hutokea na kurudi. Kifuniko hicho ndicho unachokibana kwenye kidole cha mzee. Kisindano kinaporudi ndani kina damu, nacho kinaipaka kwenye kingo za tundu na ndani ya kifuniko. Unatoa kisindano, unaweka kipya, unakibana kifuniko kile kile kwenye kidole cha mzee wa pili, na kisindano kipya kinapita katika tundu lile lile kuingia kwenye ngozi. Damu ya mzee wa kwanza huioni, maana ni kidogo mno. Lakini virusi vya homa ya ini B havihitaji damu ya kuonekana kwa macho, na vikikauka kwenye plastiki, juu ya meza au kwenye wembe, vinaweza kukaa siku 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Virusi vya UKIMWI, ambavyo huku kwetu tunaviita SIDA, haviwezi kuvumilia hivyo. Watu wengi wanaogopa SIDA na kudharau homa ya ini, lakini mbele ya sindano hesabu ni nyingine kabisa. Mtu ambaye hana chanjo akijichoma sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi katika damu ile. Kwa SIDA ni kama 3 kwa kila 1,000.

Haya si maneno ya darasani. Mwaka 2010 katika nyumba moja ya kutunzia wazee jimboni North Carolina, Marekani, wakazi wanane waliugua homa ya ini B ndani ya muda mfupi. Sita walikufa. Wachunguzi wakakuta kwamba wote wanane walikuwa wakipimwa sukari na wafanyakazi, na kwamba kalamu za kutobolea zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja zilikuwa zikipita kutoka kwa mzee huyu kwenda kwa yule, pamoja na mashine za kupimia ambazo hazikusafishwa katikati. Nyumba ile ilikuwa na umeme, maji ya bomba na glavu kwa masanduku. Na wafanyakazi wake bila shaka walikuwa watu wa moyo kama ninyi.

Basi zile pesa za dozi kumi zielekezwe hapa. Nunueni visindano vya kutumia mara moja, vile vinavyojifyatua na kujifungia vyenyewe, kisha vinatupwa vizima kwenye sanduku la sindano. Vikikosekana, kila mzee mwenye sukari awe na kalamu yake, iliyobandikwa plasta yenye jina lake na kuwekwa kwenye kimfuko chake. Hata kisindano cha kawaida kilichoshikwa kwa mkono, kikatumiwa mara moja na kutupwa, ni bora kuliko kalamu ya kushirikiana. Mashine ya kupimia nayo ipanguswe kwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya mtu mmoja, na glavu zibadilishwe kati ya mzee na mzee. Narudia hili la glavu kwa sababu nimeona mara nyingi mtu amevaa jozi moja tangu kitanda cha kwanza hadi cha nane. Glavu hizo zinamlinda yeye peke yake, wazee zinawagawia damu. Kama mnatumia insulini ya kalamu, hiyo pia ni ya mtu mmoja tu, hata sindano ikibadilishwa, kwa sababu damu huweza kurudi nyuma kuingia ndani ya dawa. Nyembe na mashine za kunyolea na vikata kucha, kila mzee na chake.

Chanjo yako itakulinda wewe. Mzee wa miaka 75 ambaye hakuchanjwa analindwa tu na kalamu isiyotumiwa na mwingine. Hata akichanjwa, mwili wa umri ule huitikia kwa uvivu, na sukari inaupunguzia nguvu zaidi.

Nirudi kwa mwenzako. Simlaumu, kwa sababu anachosema ni kweli kwa ugonjwa mwingine. Jina "homa ya ini" tunalitumia kwa magonjwa kadhaa yasiyo ndugu. Homa ya ini A hupitia maji na chakula kichafu. Mahali ambapo maji ni ya shida kama kwetu, watoto wengi huipata wakiwa wadogo, mara nyingi bila hata macho kugeuka manjano, na wakishapona hawaipati tena maisha yao yote. Hiyo kweli tumeizoea. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halisisitizi kuchanja umma dhidi ya A katika nchi ambazo karibu kila mtoto ameshaipata. E nayo ni ya maji, na ni ya kuogopwa hasa kwa mama mjamzito. C ni ya damu kama B. Haina chanjo, lakini siku hizi ina vidonge vinavyoponya zaidi ya watu 95 kwa kila 100 katika miezi miwili au mitatu. D haiwezi kuishi peke yake, inampanda tu mwenye B, kwa hiyo chanjo ya B inafunga milango miwili.

B hakuna aliyeizoea. Inakwenda kinyume na A: kadiri unavyoipata mapema ndivyo inavyokuwa mbaya. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa, mara tisa kwa kumi itabaki mwilini mwake. Mtu mzima akiambukizwa, chini ya watu 5 kwa 100 ndio hubaki nayo, wengine mwili unaifukuza. Wanaobaki nayo hawasikii kitu kwa miaka ishirini, thelathini. Wanalima, wanazaa, wanabeba mizigo ya soko la Kadutu, halafu siku moja tumbo linajaa maji. Mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na B, na iliua watu milioni 1.1 mwaka ule, wengi kwa ini kukauka au kwa saratani ya ini. Kati ya maambukizi mapya ya B ya dunia nzima, asilimia 63 yalitokea Afrika. Kuzoea gani huko?

Tena mwenzako ajue kwamba chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto wa Kongo mwaka 2007. Aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata akiwa mtoto. Wewe wa miaka 43 na yeye, vyovyote umri wake, mlikua katika miaka ya wembe mmoja kwa kijiji kizima. Neno letu lenyewe, chanjo, linatokana na kuchanja, kukata ngozi kwa wembe, kama wazee walivyotuchanja chale na kupaka dawa. Nia ilikuwa kulinda, ila wembe ule haukuchemshwa kati ya mtoto na mtoto, na baadhi yetu tulipewa virusi na ile ile mikono iliyotupenda.

Kwa sababu hiyo, pimwa kabla ya sindano ya pili. Ni tone la damu ya kidole kwenye kipimo cha haraka, majibu unayapata ukiwa umekaa pale pale. Fanya hivyo siku ile ile, kwa mpangilio huu: damu kwanza, sindano baadaye. Kipimo hicho kinatafuta ganda la virusi, na chanjo yenyewe imetengenezwa kwa ganda hilo hilo, bila virusi ndani. Ukidungwa kwanza halafu ukapimwa siku chache baadaye, kipimo kinaweza kuliona ganda la chanjo na kukuambia u mgonjwa. Nimeona mama mmoja akilia wiki mbili kwa kosa hilo la mpangilio. Na kama kipimo hakipo siku hiyo, dungwa tu, upimwe baada ya wiki nne. Sindano haimdhuru mtu ambaye tayari ana virusi. Kwake haina faida tu.

Ukikutwa navyo? Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu najua ndipo woga ulipo. Hutakufa kesho. Utahitaji vipimo vingine: jinsi ini linavyofanya kazi, wingi wa virusi, pengine picha ya tumbo. Si kila mwenye B anahitaji dawa. Anayehitaji hupewa tenofoviri, kidonge kimoja kwa siku, dawa ile ile inayotumika kwa wenye SIDA, nayo huvituliza virusi hivyo na kulipa ini nafasi ya kupumua. Mume na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe. Na kazi yako unaendelea nayo. Hii haiambukizwi kwa kupika, kwa kula samaki wa sambaza kwenye sahani moja, kwa kumkumbatia mzee, kwa jasho, kwa kikohozi wala kwa choo kimoja. Kuogesha mzee, kumlisha na kumgeuza kitandani hakumpi virusi vyako. Msimamizi anayefukuza mfanyakazi kwa sababu ya kipimo hiki hamlindi mzee hata mmoja, anawafundisha tu wafanyakazi wengine kukimbia kipimo. Majibu ni yako na daktari wako. Msimamizi anachostahili kujua ni kama umemaliza chanjo.

Nimewahi kuishi na woga huo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, usiku, umeme umekatika, nilikuwa nachota damu ya mgonjwa aliyevimba tumbo, macho ya manjano kama kiini cha yai. Muuguzi alinishikia tochi. Nilipomaliza nikataka kurudisha kifuniko kwenye sindano, kama tulivyokuwa tukifanya sote. Sindano ikapita pembeni ya kifuniko ikaingia kidole gumba. Nikafyonza kidole. Nikakiminya mpaka kikawa cheupe. Kisha nikanyamaza siku mbili kwa aibu. Chanjo sikuwa nayo, wala hospitali ile haikuwa imemchanja yeyote kati yetu. Ugonjwa huu huchukua mwezi mmoja hadi sita kujitokeza, nami miezi sita yote nilijitengea sahani na kikombe, mwanangu nikimpa mgongo akitaka nimbebe. Majibu ya mwisho yalikuwa mazuri. Lakini sahani ile haikuwa na sababu yoyote, na kile ambacho kingenisaidia, yaani chanjo ya saa zile za mwanzo, nilikiacha kinipite kwa kunyamaza.

Kwa hiyo wewe ukijichoma: osha kwa maji mengi na sabuni, usifyonze, usiminye, usimwagie klorini wala kukata. Sema siku hiyo hiyo. Ambaye hajachanjwa, au hajamaliza, adungwe dozi ya chanjo ndani ya saa 24 ikiwezekana, na isipite siku 7. Kuna pia sindano ya kingamwili zilizo tayari, ila ni ghali na ni ya kutafuta kwa tochi katika mji wetu. Dawa za kuzuia SIDA zianzwe ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora. Na vifuniko vya sindano visirudishwe kamwe. Sindano iende moja kwa moja kwenye sanduku gumu lililo karibu na kitanda, si lile lililo mwisho wa ukumbi. Damu ikimwagika sakafuni, vaa glavu, ifunike kwa kitambaa, mwagia klorini ya nusu asilimia, ngoja dakika kumi ndipo ufute. Klorini ya unga ya asilimia 70, gramu 7 kwa lita moja ya maji inatosha. Mji huu ulijifunza klorini wakati wa Ebola, ndoo zile bado ziko.

Mtoto wako: nyonyesha bila wasiwasi. Ndani ya chanjo hii hakuna kitu kilicho hai. Ni ganda la virusi linalotengenezwa na chachu, ndugu wa ile ya mkate, na hupewa hata wajawazito. Utaumwa mkono siku moja au mbili, pengine homa ndogo. Asiyetakiwa kuipata ni yule aliyepatwa na mzio mkali kwa dozi iliyotangulia au kwa chachu, na hao ni wachache sana. Ila fungua kitabu cha mtoto: katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 alipaswa kudungwa ile sindano yenye chanjo tano ndani yake, na B ni mojawapo. Kama kuna iliyokosekana, yeye pia anaendelea, haanzi upya.

Siku ya sindano angalia mambo mawili. Kwanza, idungwe kwenye nyama ya bega. Tako hapana. Mafuta ya tako huzuia dawa kufika kwenye msuli, na kinga inatoka hafifu. Muuguzi akikuelekeza ugeuke, mwambie kwa heshima, bega. Pili, chanjo hii inavumilia joto kuliko nyingi, adui yake mkubwa ni kuganda. Inataka kati ya digrii 2 na 8, na katika mji wetu wa umeme wa kukatika, watu hushindilia barafu kwenye sanduku kwa nia njema kisha vichupa vinalala juu ya barafu tupu. Muuguzi akikitoa kichupa, akitikise mbele yako. Kilicho kizima kinakuwa kama maji ya kuoshea mchele, weupe wa sawasawa, na weupe huo unashuka taratibu. Kilichowahi kuganda kina vipande vipande kama maziwa yaliyokatika, vinazama haraka na kuacha maji maangavu juu. Hicho kisikuingie. Muuguzi mzuri hatakasirika ukiuliza.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila mtu analiruka huku. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya sindano ya tatu, pimwa kinga. Kwa watu wengi hatudai kipimo hiki, lakini wewe unashika damu kila siku, na umevuka miaka 40. Chini ya umri huo zaidi ya watu 90 kwa 100 hupata kinga kamili kwa dozi tatu. Baada ya hapo idadi inashuka polepole, na ukifika miaka 60 ni kama 75. Maabara watakuandikia namba. Ikiwa 10 au zaidi, umelindwa, na hutahitaji kurudia: kinga ya namna hiyo imeonekana ikidumu miaka 30, hata namba ikishuka baadaye. Ikiwa chini ya 10, unadungwa tatu nyingine, na wengi huitikia safari hii. Wachache wasioitikia hata baada ya sita wanatakiwa kujijua hivyo, ili siku wakijichoma wakimbilie ile sindano ya kingamwili bila kupoteza saa.

Kuhusu kujilipia. Chanjo ya B ya watu wazima haimo katika ile ya bure ya watoto, kwa hiyo mtu lazima aigharamie, na ninajua mshahara wa mlezi wa wazee. Lakini Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Damu hii haikufuati nyumbani kwako Bagira. Unakutana nayo kazini, ukimfunga kidonda mzee wa nyumba hiyo. Mwombeni msimamizi mkutano mfupi, nendeni wote pamoja, na mpeni hesabu ya dozi mbili badala ya tatu. Mkizinunua kwa pamoja kituo kitawapangia siku moja, nanyi mtakumbushana ya tatu. Anayeogesha, anayefua mashuka yenye damu, anayetoa taka, anayepika lakini husaidia kuinua wagonjwa usiku: wote hao wamo. Mara nyingi wauguzi huchanjwa na mama wa kufua husahauliwa, naye ndiye anayekutana na sindano iliyofichika ndani ya shuka.

Ukimaliza, waandike kwenye kadi tarehe zote tatu na namba ya kinga. Kisha piga picha ukurasa huo na umtumie mtu wako mmoja anayeishi nje ya Bukavu, ili hata ikibidi kukimbia tena bila kadi, asiwepo wa kukuambia uanze upya.